Kwa Hanadi, Ambaye Hakufunga

Leo umetimia mwaka mmoja, Hanadi, tangu utoke nyumbani saa moja asubuhi katika mvua, skafu mkononi, kipande cha mkate mdomoni, ukasema bila kugeuka, "Mama, msile mchana bila mimi." Tulikungoja hadi saa tisa. Wali wa dengu ulikauka sufuriani, na aliyepiga simu hakuwa wewe.

Karibu na Damour, kwenye njia ya Beirut, lori liliteleza, likavuka ukingo wa katikati ya barabara na kuja upande wako. Ulikuwa unakwenda Beirut kumtafsiria mwanachama wako mmoja mbele ya hakimu. Kesi yake iliahirishwa kwa sababu mkalimani hakufika. Tunaeleza hivyo bila kupamba, maana wewe mwenyewe hukuwa na subira na mapambo.

Wanaosoma haya na hawakukufahamu, wajue kwamba ulikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwamba kwa miaka kumi na mitatu uliongoza chama cha viziwi hapa Saida. Wewe ulikuwa unasikia. Kaka yako Nizar hasikii.

Ulikuwa mtu wa kelele. Watu hudhani anayeishi na viziwi huwa mtulivu. Wewe ulipiga mguu sakafuni kumwita Nizar, ukapiga meza, ukawasha na kuzima taa mpaka balbu zikaungua. Jirani wa chini alipanda siku moja kuuliza kama tunahama.

"Hatuhami," mama yako alimjibu. "Hanadi anamwambia kaka yake supu iko tayari."

Ulikula upesi, kwa sababu ukiwa na kijiko mkononi hukuweza kuongea. Ulichelewa kila mahali isipokuwa hospitalini. Abla, mshonaji, mwanachama wako wa kwanza, alijifungua mara tatu wewe ukiwa umesimama kando ya daktari. Mikono yako ndiyo iliyomwambia asukume, na mikono yako ndiyo iliyomwambia ni msichana, ni mvulana, ni msichana tena. Kwa mtoto wa tatu ulitumia mkono mmoja tu. Ule mwingine Abla alikuwa ameung'ata.

Mwanzo wa kazi yako ulikuwa humu nyumbani, na haukuwa mzuri. Hatutauficha. Nizar alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka mitatu, kwa homa ya uti wa mgongo. Mama yako alikuwa na diploma ya maabara na kazi ya kupima damu za watu, na aliwaamini wataalamu. Mtaalamu mmoja akamwambia: mtoto huyu akiachwa atumie mikono, hatasema kamwe. Basi kila chakula Nizar aliikalia mikono yake mpaka aseme anachotaka. Alijifunza kusema "maji" na "mkate" na "asante, mama." Alijifunza kusoma midomo. Alipofika miaka kumi na sita, muuza duka mmoja aliigiza sauti yake mbele ya wateja, na watu wakacheka. Nizar alirudi nyumbani bila alichotumwa. Kuanzia siku hiyo hatukuisikia tena sauti yake kwa miaka ishirini na tisa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulianza kufuatana naye kwenye mkahawa wa nyuma ya soko la samaki, walikokutana viziwi wakubwa, ukarudi na lugha yao yote. Mama yako aliwakuta mnaongea chumbani, mlango umefungwa.

"Unafanya nini na mikono yako?"

"Naongea na kaka yangu. Lazima mtu mmoja humu ndani aongee naye."

Ulipigwa kofi kwa jibu hilo. Mama yako analikumbuka kofi na analikumbuka jibu, na anajua kipi kilikuwa cha kweli.

Kisha ikaja ile miaka mibaya ambayo kila mtu hapa anaijua. Umeme wa serikali ulipungua ukawa wa saa moja kwa siku, halafu ukawa habari za zamani. Shirika la ng'ambo lililokuwa likikusaidia lilituma barua ya heshima sana na ya kuaga. Walimu wako watatu waliondoka katika kiangazi kimoja: mmoja Montreal, mmoja Doha, na wa tatu hakusema anakwenda wapi. Ukabaki na ukumbi mmoja usio na dirisha, chini ya jengo la Hajji Munir, na watu arobaini waliokuja kila Alhamisi kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee ya juma ambapo mtu aliwaelewa.

Kwenye mazishi yako watu walisema ulikuwa imara. Walilirudia neno hilo mpaka mama yako akatoka nje. Hawakukuona jikoni. Jikoni ulikuwa unakaa juu ya debe la mafuta ya zeituni, koti hujalivua, unatazama vigae nusu saa nzima. Ulikonda. Ulikuwa unasahau kama umeshanawa uso. Jioni moja mama yako alikuwa anamenya vitunguu saumu, akakutazama, akasema, "Funga."

"Nifunge nini?"

"Hicho chama. Unajua ninachosema. Dada yako amekutafutia kazi Kuwait. Shule nzuri, ina umeme mchana kutwa. Watu wale ni watu wazima, Hanadi. Si wewe uliyewazaa. Waliishi kabla yako."

"Waliishi wamekaa majumbani wakitazama ukuta, mama."

"Na wewe utakaa kaburini. Bora ukuta."

Mama yako alisema hivyo. Alisema kama anavyosema mtu kwamba maziwa yamekwisha. Ulichukua punje moja ya kitunguu saumu ukaanza kuimenya na wewe.

"Alhamisi nitawaambia," ulisema mwishowe.

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

"Basi vua koti ule."

Alhamisi ulirudi nyumbani macho yamevimba. Mama yako hakukupa nafasi hata ya kuweka mkoba.

"Umewaambia?"

"Umeme ulikatika."

"Umeme na mdomo wako vinahusiana nini?"

Ulianza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. "Mama, miaka yote hii, na bado unaniuliza swali hilo."

"Waambie Alhamisi ijayo basi."

"Alhamisi ijayo tuna kazi."

Na kweli, habari ya kufunga ikaisha. Hukuitaja tena na hukutueleza. Sisi tuliona tu kwamba umebadilika. Hukuwa na furaha zaidi, tusidanganyane. Uliendelea kukohoa, uliendelea kulala umeshika simu. Lakini ulichongesha funguo tano za ukumbi ukawagawia wanachama. Ulianza kusema, "Hilo analishughulikia Abla," "Hilo muulizeni Nizar," na ulipoambiwa jambo limeharibika ulisema, "Litengenezwe na walioliharibu," ukaenda kulala. Mama yako akakuuliza nguvu hizo umezipata wapi.

"Sina nguvu, mama. Wananishika tu."

"Hayo ni maneno ya kwenye mabango."

"Basi liandike bango," ulisema, ukazima taa ya chumbani kwako.

Miezi kumi na minne baadaye likaja lori.

Sasa tukueleze yaliyotokea baada yako, kwa sababu hukuwepo na yanakuhusu.

Mama yako alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na anwani: ule ukumbi. Siku ya pili ya rambirambi Hajji Munir alikuja, akanywa kahawa, akasoma Fatiha, akajikuna shingo.

"Mama Nizar, Mungu akupe subira. Sikuharakishi, haki ya Mungu. Ila kuna mtu anautaka ule ukumbi kwa kuhifadhi betri, na marehemu ndiye aliyekuwa, yaani, ndiye aliyekuwa..."

"Nimekuelewa, Hajji. Kesho jioni utapata ufunguo wako."

Siku ya tatu tuliamua kuwapokea watu wako kwenye ukumbi wao wenyewe, kwa kuwa walikuwa wengi na nyumba ni ndogo. Asubuhi ile mama yako alimsimamisha Nizar mbele ya dirisha, kwenye mwanga, akamwambia polepole aone midomo: "Leo nitawaambia tunafunga. Wewe utawatafsiria." Nizar alimtazama, akageuka, akaenda kupanga viti.

Walikuja wote arobaini. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mazungumzo yakavuka katikati juu ya zulia, kama kawaida yao. Mama yako na shangazi yako Bahija walikuwa kwenye kijichumba cha pembeni wakichemsha kahawa chungu kwenye birika kubwa la umeme. Unajua jenereta la mtaa linatupa ampea tano tu. Kila mtu hapa anaishi kwa hesabu hiyo: ukitaka pasi, unazima friji. Swichi kuu ilijizima mara moja, ikajizima mara ya pili. Mama yako hakusoma maabara bure. Alikwenda ukutani akazima taa zote za ukumbi na ya kijichumba.

"Watu wamekaa tu," alimwambia shangazi yako. "Kukaa hakuhitaji taa."

Ilikuwa alasiri, lakini kule chini hakuna alasiri. Mwanzo mama yako hakugundua kitu. Kisha akasikia kwamba hasikii. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia kwamba ukumbi wa viziwi una sauti zake, na yeye alikuwa akikubali ili unyamaze: nguo zinasuguana, vidole vinagonga kiganja, viti vinalia, mtu anapiga kiatu kumwita mwenzake wa upande wa pili. Vyote vilikatika kwa pamoja.

"Wamelala?" aliuliza shangazi Bahija.

"Watakuwa wanaomba dua."

"Arobaini kwa mpigo? Hata msikitini hawanyamazi hivi."

Ndipo mtu akaja akipapasa ukuta, akasimama mlangoni pa kijichumba.

"Mama. Washa taa. Watu wanaongea."

Ilikuwa sauti nzito, isiyopanda wala kushuka, kama meza inayoburutwa sakafuni. Shangazi yako aliangusha kikombe. Mama yako hakuangusha kitu. Aliijua sauti ile. Alikuwa ameifinyanga mwenyewe, neno kwa neno, mezani, mikono ya mtoto ikiwa imekaliwa, na sasa ilikuwa ya mwanamume mwenye mvi.

"Kahawa bado haijachemka," alimjibu.

Nizar hakujibu. Mama yako alirudia. Hapo ndipo alipoelewa kwamba katika giza lile hakuna jibu lolote ambalo angeweza kumpa mwanawe. Alizima birika, akawasha taa.

Ukumbini watu walikuwa wameshikana viganja, wawili wawili. Wakaachana, wakaendelea na mazungumzo yao pale walipokuwa wameishia. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea kuzimiwa.

Nizar hakuondoka mlangoni.

"Usiwaambie," alisema.

"Nimeshampa Hajji neno langu."

"Hanadi pia alitaka. Alhamisi ile."

Na kwa sauti ile ile, kidogo kidogo, akipumzika baada ya kila maneno machache, Nizar akaeleza kilichotokea siku uliyorudi umevimba macho. Sisi hatukuwa tunajua. Tunakiandika kama alivyokisema.

Uliwaita watu kwa kuzima na kuwasha taa mara mbili. Ulisimama mbele, ukanyanyua mikono, ukasema: Leo nataka kuwaambia. Hapo mafuta ya jenereta yakaisha. Watu wako hawakwenda nyumbani. Walikuwa na njia yao ya kuishi na giza: walivuta viti wakakaa duara, magoti yakigusana, na neno likawa linafanywa ndani ya kiganja cha jirani, naye akalipeleka kwa jirani yake, mpaka lizunguke. Ni kazi ya polepole. Nizar anasema utani ndio mgumu zaidi, kwa sababu kicheko kinafika kwa zamu, na aliyeuanzisha anasahau alichosema.

Ulikaa kati ya Nizar na Abla. Ulichukua kiganja cha Nizar ukasema ndani yake: Tunafunga. Pitisha.

"Sikupitisha," alisema Nizar.

Alikishika kiganja chako akakikunja vidole, akakishikilia hivyo. Kwa mkono wake wa pili akampa jirani yake maneno mengine: Hanadi amechoka. Kila mtu ampe neno lake. Likazunguka duara zima. Kisha maneno yakaanza kuja kwako kutoka upande wa Abla, moja moja, kutoka kwa watu ambao hukuwaona na hukujua ni nani anayesema lipi.

Mmoja alisema nani alikula karanga zangu wiki iliyopita, akiri sasa, ni giza, hakuna atakayemwona. Mmoja alisema mke wake anakusalimu; wamegombana, hawaongei, lakini anakusalimu. Mmoja alisema hakuwahi kuwa na rafiki mpaka alipokuwa na miaka hamsini. Mmoja alitaja jina lako tu, lile walilokupa wao, la mtu anayepiga mguu. Mwingine naye akalitaja hilo hilo, na mwingine. Yalichukua saa nzima na zaidi. Wa mwisho alikuwa Abla mwenyewe, akasema mikono yako ni baridi kama samaki, akaichukua akaiweka kwapani mwake chini ya koti.

Nizar alihisi bega lako linatikisika. Hakujua kama unacheka au unalia. Alisema atakuuliza siku moja, na hakukuuliza.

"Mimi ndiye niliyemzuia, mama," alisema. "Angefunga angekwenda Kuwait. Angekuwa hai. Mimi."

Hanadi, unajua mama yako hana maneno laini. Alimshika Nizar kidevu akamgeuza kwenye mwanga aone midomo yake vizuri.

"Lori ndilo lililomuua," alisema. "Usijipe kazi ya lori."

Nizar alitikisa kichwa.

"Na mimi nilimwambia atakaa kaburini. Kwa mdomo wangu huu. Tukianza kugawana, sote tutapata sehemu. Beba vikombe."

Je, aliyaamini aliyoyasema? Kuna siku anayaamini. Kuna siku nyingine, mvua ikipiga dirisha, anamtazama Nizar ng'ambo ya meza na anajua wote wawili wanaifikiria Kuwait. Hilo halijaisha. Tunaandika ili usidhani limeisha.

Mama yako alikwenda akasimama mbele ya watu wako. Alikuwa ameandaa sentensi mbili: Asanteni kwa kuja. Leo tunafunga. Nyuso arobaini zilikuwa zinatazama midomo yake, na hakuwahi katika maisha yake kutazamwa hivyo akisema jambo lolote.

"Kahawa imechelewa na kosa ni langu," alisema. "Nilizima taa. Sikujua."

Nizar akawaambia kwa mikono. Mama yako alingoja. Abla alijibu kitu na wanawake wakatabasamu.

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ndiye uliyemzaa Hanadi, inaonekana. Na yeye alikuwa haombi radhi mpaka aanze na kahawa."

Mama yako alitaka kusema sentensi ya pili. Badala yake akauliza, "Alhamisi ijayo nani ana ufunguo?"

Mikono mitano iliinuka.

Jioni ile Hajji Munir alikuwa anasubiri juu, kando ya mlango, amevaa kanzu ya kutokea.

"Hajji, ninao ufunguo mmoja," mama yako alimwambia. "Nikikupa hautakusaidia. Ziko tano nyingine, na wenye nazo wakigongewa mlango hawasikii."

"Mama Nizar! Ulinipa neno lako."

"Nilikupa. Nalichukua tena."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu na mbele yako. Usiku mwema, Hajji."

Hajji Munir alisema mengi njiani kwenda nyumbani kwake, na mtaa mzima uliyasikia, lakini betri za yule mtu zilipata mahali pengine.

Usidhani basi kwamba mambo ni mazuri. Wanaokuja sasa ni kumi na tisa. Wengine wako mbali na usafiri umekuwa mgumu, wawili wamekufa, na wengine walikuja kwa ajili yako, ndiyo kweli, na wewe haupo. Hatuna mkalimani. Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa chama alijifungua huku muuguzi akimwandikia kwenye karatasi, na hajui kusoma vizuri. Mtoto yuko salama. Mama yake anasema alifikiri anakufa na hakuna aliyemwambia.

Mama yako huenda kila Alhamisi. Ana miaka sitini na tisa na vidole vyake ni vigumu. Kwa mikono anajua kusema kahawa, na kaa, na subiri, na wanachama wanalalamika kwamba subiri analisema kupita kiasi. Nizar humsahihisha mbele za watu, bila huruma. Ana haki.

Mwezi wa tisa ikabidi chama kiandikishwe upya Beirut, na mwenyekiti mpya afike mwenyewe. Wanachama walipiga kura kwa mikono, na wakamchagua Nizar. Hakutaka. Alisema aliyemzuia dada yake asifunge hawezi kukaa kwenye kiti chake. Abla alimjibu kwamba hakuna anayemwomba akae. Wanamwomba asimame, na awahi.

Wakapanda basi, yeye na mama yako, siku kavu isiyo na wingu. Walipofika Damour Nizar alifumba macho. Mama yako hakufumba. Alipaangalia mahali pale mpaka pakapita. Hapana kitu pale. Pana ukingo mpya wa saruji, mweupe kuliko mwingine.

Ofisini karani kijana aliwatazama wote wawili.

"Mwenyekiti ni huyu? Anasikia?"

"Hapana."

"Sasa, mama, nikipiga simu nani atapokea?"

"Mimi."

"Na wewe usipokuwepo?"

"Utaandika barua, mwanangu. Anasoma kuliko wewe."

Karani akacheka, akafungua daftari kubwa, akaligeuza upande wao. Mahali pa mwenyekiti palikuwa na jina lako, kwa mwandiko wako wa mbiombio, unaoegemea mbele. Karani akaacha kucheka. Akasema jina la zamani lazima likatwe kwanza, na ndugu wa marehemu aandike sahihi kando yake.

"Nikukatie, mama?" alimuuliza kwa upole.

"Nipe rula."

Alilikata mwenyewe, kwa mstari mmoja, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuinua kalamu. Kisha akampa Nizar kalamu, naye akaandika jina lake juu ya lako. Herufi zake hazikukaa sawa. Mama yako alisubiri wino ukauke. Mstari ule ni mwembamba, Hanadi. Jina lako bado linasomeka chini yake.

Mungu akurehemu na apapanue mahali ulipolala.

Wanaokukumbuka: mama yako Wafiqa, kaka yako Nizar, dada yako Sawsan, mumewe na watoto wao, walioko Kuwait, shangazi yako Bahija, Abla na watu wako wote wa Alhamisi.

Hatujakusahau hata siku moja ya mwaka huu, na siku tulizobakiwa nazo, chache au nyingi, zote tutakukumbuka.